"Data zinapatikana kwa mwandishi": wanaisimu wenzangu, tuache uongo huu

Wakuu, leo nasema yote. Ile sentensi tunayoibandika mwishoni mwa makala, kwamba data zinapatikana kwa mwandishi ukiziomba, ifutwe kabisa. Unaandika barua pepe kwa adabu zote, unajitambulisha, unaeleza unachotafiti, unataja hadi namba ya mfano unaoulizia. Kimya. Unakumbusha. Kimya. Kisha mtu huyohuyo unamkuta kwenye kongamano anahimiza watu wahifadhi lugha zilizo hatarini!

Nilichoomba ni kidogo mno. Natafiti toni za vitenzi, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kwenye silabi. Mwenzetu mmoja ana makala mbili kuhusu lugha moja ya Kibantu, na kuna sentensi ambayo imo katika zote mbili. Katika ya kwanza toni ya juu imewekwa kwenye kiambishi cha yambwa (kinachomwakilisha mtendwa), katika ya pili imehamia kwenye mzizi. Ni kosa la uchapaji? Ni wasemaji wawili wa lahaja tofauti? Au kabadili uchambuzi bila kusema? Hoja nzima ya makala ya pili imesimama juu ya toni hiyo moja. Sitaki kumuumbua mtu, nataka kusikia. Sauti ya sekunde chache ingemaliza ubishi.

Jibu lilipokuja hatimaye: "Bado nazifanyia kazi." Makala imeshachapishwa, unazifanyia kazi gani tena? Nikaomba basi anielekeze kwa mwanaisimu mwingine aliyefika uwandani huko. Hapo hata hiyo "bado" sikuipata.

Watu watakimbilia maadili, kwamba wasemaji hawakuridhia sauti zao zitolewe. Asiyeridhia aheshimiwe, sina ubishi, na namba ya simu ya msemaji haitolewi kabla mwenyewe hajaulizwa. Najua pia wapo waombaji wasio na haya, wa "nitumie kila ulicho nacho kuhusu ngeli". Lakini hifadhi za lugha zipo. ELAR iliyoanzia chuo cha SOAS, London, na sasa iko Berlin; PARADISEC ya Australia, tangu 2003; na ile ya Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen. Zote zinamruhusu mwekaji kuweka masharti ya nani afungue nini. Tena mwenye kuogopa kuibiwa kazi ana Kanuni za Austin, zinazotaka data zinukuliwe na mkusanyaji atajwe kama anavyotajwa mwandishi wa makala. Kwa hiyo tuseme ukweli: wengi wanabania tu.

Na wanachokibania kinaoza. Kanda zinaota ukungu kabatini. Walioenda uwandani na minidiski, vile visahani vidogo vya kurekodia sauti, wajue kwamba Sony iliacha kutengeneza mashine zake mwaka 2013. Unukuzi, yaani maneno ya rekodi yaliyoandikwa, uliochapwa kwa fonti za kujitengenezea kabla ya kuenea kwa Unicode, mfumo wa pamoja wa herufi za kompyuta, ukiufungua leo alama za toni zimegeuka vijisanduku. Mtafiti akifariki, familia inakuta boksi lisilo na lebo na haijui ni sauti za nani. Kuna wazee waliokaa mbele ya kinasa sauti mchana kutwa wakisimulia, wamekwishatutoka, na wajukuu zao hawana pa kuzisikia sauti hizo kwa sababu mtu mmoja hajamaliza "kuzifanyia kazi". Hili ndilo linaloniuma kuliko makala yangu.

Wahariri wa majarida, acheni kuipokea sentensi hiyo. Daini namba ya data hizo katika hifadhi, au maelezo ya kwa nini haipo. Nanyi mnaotingwa, mstari mmoja unatosha: sina, siruhusiwi, muulize fulani. Mtu apange kazi yake akijua.

Sasa ombi. Mwenye rekodi za vitenzi vyenye yambwa mbili katika lugha yoyote ya Kibantu yenye toni, au anayemjua aliyezikusanya, anitumie ujumbe. Nahitaji sauti na unukuzi wake, masharti ya wasemaji nitayafuata kama yalivyo, na mkusanyaji nitamtaja kwa jina kwenye kila mfano nitakaoutumia.