Mjadala: Tujenge manowari yetu au tubaki na boti za doria?

PwaniHuru: Wadau, Aprili 2025 INS Chennai ya India ilitia nanga bandari yetu ya Dar kwa mazoezi ya AIKEYME, yale ya pamoja ya wanamaji wa India na Afrika. Destroya, yaani manowari kubwa ya kivita, ya zaidi ya mita 160, tani zaidi ya 7,000, kazi ya Wahindi wenyewe pale Mazagon Dock, Mumbai. Sisi tuna bahari ya kiuchumi ya maili 200 na tunaishia boti za doria. Kwa nini tusianze kujenga zetu? Chennai yenyewe ilichukua miaka mitatu tu. Na habari ya mafundi msinitishe nayo, chuma ni chuma. Vijana wa Gerezani wanachomelea mageti na matanki kutwa nzima.

MzeeWaGati: Miaka mitatu umeitoa wapi, mkuu? Mkuku wa Chennai, ule uti wa mgongo wa meli, ulilazwa Februari 2006, ikashushwa majini Aprili 2013, ikapandishiwa bendera, yaani ikaingia rasmi kazini, Novemba 2016. Hiyo mitatu yako ni ya kutoka majini hadi kwenye bendera tu, na ndiyo inayomeza fedha. HMS Daring ya Uingereza nayo ilishuka majini Februari 2006, ikaingia kazini Julai 2009. Siku ya kushushwa watu hupiga makofi, lakini kinachoelea pale ni ganda.

Chomelea: Mengine nimeyaacha. Hii ya "chuma ni chuma" siwezi kuipita. Geti likipasuka unalirudia kesho. Bamba la manowari ni chuma cha nguvu nyingi, na adui yake ni unyevu. Rodi za kuchomelea za 7018 ukishafungua pakiti zinakaa kwenye tanuri dogo la nyuzi 120 hadi 150, fundi anachukua za kutosha saa chache tu. Ukiziacha mezani kwenye hewa ya Dar, zinanyonya unyevu, haidrojeni inaingia kwenye kiungo, na ufa unatokea ndani baada ya saa nyingi, wewe umeshapaka rangi. Ndiyo maana viungo vya bamba nene husubiriwa hata saa 48 ndipo vipimwe kwa mawimbi ya sauti.

PwaniHuru: Sikumtukana fundi yeyote. Nimewasifia.

Chomelea: Kumsifia fundi ni kumpa tanuri la rodi, kifaa cha kupashia bamba moto na cheti. Kumwambia kazi yake ni rahisi si sifa.

BintiKurasini: Kaka Chomelea, kwa hiyo hatuwezi? MV Mwanza imejengwa wapi? Mita 92.6, abiria 1,200, mizigo tani 400, imeshushwa ziwani Februari 2023 palepale Mwanza. Tuache kujidharau.

MzeeWaGati: Dada, hakuna anayejidharau. Lakini MV Mwanza iliongozwa na Wakorea, SUMA JKT wakiwa washirika, na ni meli ya abiria. Haina mashimo ya kurushia makombora wala rada ambayo mlingoti wake ukipinda kidogo shabaha inapotea.

BintiKurasini: Wakorea nao walifundishwa na mtu! Hili la "iliongozwa na" mnalileta kila tukifanya kitu.

InjiniMoto: Mnapigania chuma wakati ugonjwa uko kwenye umeme na joto la maji. Angalieni destroya za Type 45 za Uingereza, meli sita, takribani pauni bilioni moja kila moja. Tabaini zao za WR-21, yaani injini zao kuu za gesi, zina kipoza hewa kinachotumia maji ya bahari. Kule Ghuba maji yakipata joto, nguvu inashuka, tabaini inajizima, jenereta mbili za dizeli haziwezi kubeba mzigo wote, na meli nzima inaingia gizani. Tiba ikawa kutoboa ubavu wa meli, kutoa jenereta mbili na kuingiza tatu kubwa zaidi, wakianza na HMS Dauntless. Sasa Machi, maji ya hapa Dar yanafika nyuzi 29. Anayetaka destroya aanze kwa kuuliza joto la maji ya kupozea.

PwaniHuru: Kwa hiyo hata Waingereza wanakosea. Basi na sisi tukosee tujifunze.

InjiniMoto: Kwa bilioni ya nani?

MzeeWaGati: Kabla hata ya tabaini kuwashwa, kuna kazi ya kusafisha mabomba ya oili. Oili ya moto inazungushwa siku kwa siku kupitia chujio la muda, na kila zamu fundi anafungua chujio, anafuta wavu kwa kitambaa cheupe, anatazama. Punje moja ya mabaki ya kuchomelea, ndogo kama chembe ya mchanga wa Coco Beach, ikifika kwenye beringi ya giaboksi itaikwangua. Halafu shafti: hupimwa usiku au alfajiri, maana jua likishika deki, bodi inajikunja na vipimo vinadanganya. Na hupimwa tena meli ikiwa majini, kwa sababu ikielea inakaa tofauti na ilivyokaa kwenye magogo.

BintiKurasini: Hapo nimekuelewa, mzee wangu. Ila kushusha kwenyewe si jambo dogo kama ulivyosema. Korea Kaskazini, Mei 2025, Chongjin: walishusha destroya yao kwa ubavu, tezi (nyuma ya meli) ikatangulia, omo (mbele) ikabaki juu, meli ikalala.

MzeeWaGati: Kweli, hilo nakubali. Ubavu unataka kila kiti kinachobeba meli kiteleze kwa pamoja.

PwaniHuru: Mimi bado nauliza swali langu. Tuanze na nini?

Chomelea: Anza na boti ya doria ya mita 30, ichomelewe hapahapa, kila kiungo kipimwe na karatasi yake ibaki. Na uondoe lile neno la chuma ni chuma.

PwaniHuru: Silifuti. Hilo tanuri la rodi linauzwa bei gani?