Mdogo wangu amepata nafuu kwa sababu ya mbwa, mwenye nyumba anataka mbwa aondoke. Nifanyeje?

Dada_wa_Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Alikuwa anaendesha bodaboda hapa Dodoma mjini, kijiwe chake karibu na Soko la Majengo. Mwaka jana mwezi wa nane aligongwa na lori akiwa amebeba abiria, mama mmoja na mzigo wake wa mchicha. Yeye alivunjika mkono. Yule mama hakufika hospitali. Kosa lilikuwa la lori, na familia ya marehemu walikuja hadi kwetu kumpa pole. Lakini mwenyewe hakujisamehe. Akawa mtu wa kujifungia ndani, halali, saa tisa usiku anapiga kelele, ukiingia unamkuta kajikunyata pembeni ya kitanda, mikono imekunja kama bado ameshika usukani. Akisikia honi anatokwa jasho. Nikampeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, tukaambiwa ni kiwewe pamoja na sonona, akaanzishiwa dawa na kliniki ya kila mwezi. Alikuwa anakwenda, ila kwa aibu. Mnajua mtaani ukitaja jina Mirembe watu wanavyocheka.

Mwezi wa pili akaja mbwa. Koko, jike, mbavu nje, sikio moja limechanika, na waya wa kufungia nondo umezama shingoni mpaka nyama imeuzunguka. Nadhani alitoroka kwenye moja ya hizi nyumba zinazojengwa kila kona. Alijificha nyuma ya choo, watoto wakawa wanamrushia mawe. Mdogo wangu, ambaye siku hizo hata kuota jua alikuwa hatoki, akatoka akawafukuza.

Kuanzia hapo kila jioni anageuza ndoo, anaikalia, anampa mbwa mgongo. Anamega ugali, anaudondosha nyuma yake bila kugeuka. Mbwa haji. Kesho yake tena. Siku ya tano nikaona kupitia dirishani tonge limechukuliwa. Siku ya tisa mbwa akala mkononi mwake, na yeye bado hajageuka, machozi yanamtiririka. Wiki ya tatu akamkata waya kwa koleo, mbwa ametulia tuli.

Anamwita Mgeni. Usiku akianza kuweweseka, Mgeni anakwaruza mlango mpaka aamke. Saa kumi na mbili asubuhi wanakwenda wote hadi korongoni na kurudi. Jumapili iliyopita walivuka barabara kuu, mara ya kwanza tangu ajali.

Sasa mwenye nyumba ametupa mpaka mwisho wa mwezi mbwa aondoke. Ni mzee wa Kiislamu, mtu mwema kabisa, tumekaa kwake miaka sita. Anasema wapangaji wanapita uani wakienda kuswali na mbwa anawagusa nguo, halafu anahofia kichaa cha mbwa. Mama yuko Mvumi, anasema nimlete mbwa huko akachunge mbuzi. Na juzi nimegundua mdogo wangu ameacha dawa wiki mbili sasa. Anasema Mgeni anamtosha.

Kibaigwa_Mjini:
Dada, sikufichi, mbwa ni mbwa. Mpeleke Mvumi, huyo kijana mtafutieni mke atulie.

Mtembezi77:
Mkuu, mke si dawa ya mtu aliyeona kifo usoni. Na hili la mbwa wala si geni. Marekani, mwaka 1981, Sista Pauline Quinn alisaidia kuanzisha mpango katika gereza la wanawake jimbo la Washington, wafungwa wakawa wanafundisha mbwa wa kuwasaidia walemavu, wakiwamo mbwa waliotelekezwa. Mbwa hajui umefungwa kwa kosa gani. Anajua tu leo umemjia kwa sauti gani. Huyu kijana kila mtu mtaani anamwangalia kwa ile ajali yake, isipokuwa Mgeni.

Nesi_Mstaafu:
Binti yangu, hilo la dawa ndilo la haraka kuliko yote, hata kuliko mwenye nyumba. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa hadi zikolee, na mtu akizikata ghafla anaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukapotea tena, na ugonjwa ukarudi pale anapojiona amepona. Usisubiri tarehe ya kliniki. Mrudishe wiki hii, aseme ukweli kwamba ameacha, wao ndio watamwambia aanze vipi. Hawatamgombeza.

Jambo jingine, muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watampandikizia wazo. Humpandikizii, unampa nafasi ya kusema. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mgonjwa mwenye kitu kinachomsubiri nyumbani, awe mtoto, ng'ombe au bustani, anaamka tofauti. Kwa hiyo usimwambie achague kati ya dawa na mbwa. Fungamanisha: Mgeni asipewe chakula mpaka kidonge kimemezwa. Atameza kwa ajili ya Mgeni hata siku ambayo hajali kumeza kwa ajili yake.

Bwana_Mifugo_Bahi:
Chanjo kwanza, dada! Kesho nenda kwa afisa mifugo wa kata yako, mbwa achanjwe kichaa, na kila mwaka arudie, kadi mtunze. Fahamuni pia kwamba mbwa wa kuokota anaweza kuwa na ugonjwa ndani kwa wiki au miezi kabla dalili hazijatokea, na hapo chanjo haimwokoi. Akibadilika ghafla, akawa mkali au anadondosha mate, msimguse, tupigieni sisi watu wa mifugo. Akimng'ata mtu yeyote, hata mkwaruzo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja kwa sindano. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Omba na dawa ya minyoo. Akiwa na upele msimpake oili chafu ya gari kama wengi wanavyofanya huku kwetu, ni sumu, anailamba. Kuna sindano yake. Mfanyieni na mpango wa kumfunga kizazi, jike akipata joto mtaletewa mbwa wa mtaa mzima hapo uani na mzee atakuwa na haki ya kukasirika.

Dada_wa_Nkuhungu:
Asanteni. Nimelia niliposoma hiyo ya kidonge na chakula.

Babu_wa_Changombe:
Mwanangu, mimi ni Mwislamu, niruhusu niongee upande wa mwenye nyumba wako. Sisi wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu ametoka kutawadha, mbwa akamlamba, inabidi aoshe tena hapo mahali kabla ya kuswali. Mzee hana chuki, analinda ibada ya watu wake. Usiende kwake na maneno ya haki za mpangaji. Nenda na mdogo wako, mkae chini, mwambieni Mgeni atakaa upande gani, atafungwa saa ngapi, nani atafagia kinyesi. Muonyesheni kadi ya chanjo.

Na huyo kijana mwambie kisa tulichofundishwa madrasa. Mtu alikuwa njiani, kiu imemkaba, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akarudi chini, akajaza maji kiatuni, akakishika kwa meno akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mzee wako anakijua kisa hicho. Usimkumbushe wewe, kijana asimulie alivyomkata waya, inatosha.

Dada_wa_Nkuhungu:
MREJESHO. Wakuu, samahani kwa kimya cha siku kumi.

Mgeni amechanjwa. Tulikwenda kwa mzee Ijumaa jioni. Mdogo wangu alisimulia mwenyewe, sauti ikitetemeka, kuanzia mawe ya watoto hadi waya, halafu bila mimi kutegemea akaendelea hadi kwa yule mama wa mchicha. Hajawahi kumwambia mtu. Mzee alinyamaza muda mrefu. Akasema mbwa akae nyuma, kwenye lile banda la kuku lililobomoka, mlango wa uani ufungwe nyakati za swala. Jumamosi akatuletea bati mbili za kuezekea.

Dawa ameanza upya kwa maelekezo yao, anameza saa moja jioni, Mgeni amekaa mbele yake anasubiri sufuria. Bado kuna usiku anaamka. Alhamisi ana kliniki, amesema safari hii atakwenda kwa miguu mchana kweupe, watu wamuone. Mbwa haruhusiwi kuingia, kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini nikae naye nje getini mpaka atoke.