Naomba ushauri: nimpeleke shangazi kula kwenye baa?

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Kigoma, Mwanga. Wiki hii shangazi anakuja na treni kutoka Tabora. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na sijawahi hata siku moja kumketisha mezani nikalipa mimi.

Jirani na kwangu kuna baa yenye jiko. Wapishi wa pale, jamani! Mgebuka wa asubuhi hiyo hiyo anachomwa kwa mkaa, kisha analazwa kwenye mchuzi wa mawese na nyanya chungu, ugali wa muhogo pembeni. Nimekula samaki sehemu nyingi mjini hapa, sijaona wa kumfikia.

Tatizo ni kwamba bia zinauzwa pale pale, na shangazi ni mtu wa swala tano. Mchana kumetulia, muziki ni wa jioni, lakini chupa zinaonekana. Nikimwambia mapema atasema tupike nyumbani, halafu ataingia jikoni yeye. Nikinyamaza, nitakuwa nimemvunjia heshima.

Nimefikiria kufungasha chakula tukale Ujiji, baada ya kumwonyesha walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Ila mchuzi ukipoa mawese yanaanza kuganda, utamu wote umeondoka.

Ninyi mlio Waislamu, mama au shangazi yenu angekubali kukaa uani, mbali na kaunta? Na kitimoto, niwaulize vipi wapishi kama wanatumia jiko na vyombo hivyo hivyo bila kuwaudhi?