Mchezo wa vigae unatoa ubao usiopangika, kisha unatuuzia vidokezo

Wadau, hili lazima lisemwe waziwazi. Ule mchezo wa kusukuma vigae uliojaa kwenye simu za watu hapa Nairobi, wa vigae 15 na pengo moja, unaotaka namba zipangwe 1 hadi 15 na pengo libaki chini kulia, unatoa ubao ambao hautapangika hata ukikesha. Si mgumu, hauwezekani! Na ukishakwama, kitufe cha kidokezo kinaanza kumetameta pale chini: lipa shilingi 20, au utazame tangazo la video kwa bando lako mwenyewe. Kidokezo chenyewe kinakuzungusha tu vigae vilevile. Huu ni wizi, na wanaoibiwa ni watu waliokwama kwenye msongamano wa Jogoo Road wakitafuta kitu cha kupitisha muda.

Jina la mchezo silitaji kwa sababu iliyo na ugonjwa huo ni mingi. Nawapa njia ya kuupima wowote ule.

Anzeni na ule mdogo wa vigae 8, tatu kwa tatu. Mfano ni huu: mstari wa juu 2 5 1, wa kati 8, pengo, 3, wa chini 4 7 6. Ondoa pengo, zinabaki 2 5 1 8 3 4 7 6. Sasa kwa kila namba, hesabu zile zinazoifuata ambazo ni ndogo kuliko yenyewe. 2 inafuatwa na moja tu, 1. 5 inafuatwa na tatu: 1, 3 na 4. 8 inafuatwa na nne: 3, 4, 7 na 6. 7 inafuatwa na 6. Zilizobaki hazina kitu. Jumla ni 9, nayo ni witiri. Ubao huo umekufa, ufunge.

Sababu yake ni hii. Ukisukuma kigae kulia au kushoto, mfuatano wa namba haubadiliki. Ukikisukuma juu au chini, kinaruka vigae viwili, basi jumla inabaki ilivyokuwa au inabadilika kwa 2. Ubao uliopangika una jumla ya 0. Kutoka 9 hufiki 0 kwa kwenda mbili mbili.

Kwenye nne kwa nne kigae kinaruka vitatu, kwa hiyo jumla hubadilika kwa 1 au 3, na papo hapo pengo limehama mstari mmoja. Ndiyo maana hapo unajumlisha na namba ya mstari wenye pengo, ukihesabu kutoka chini, wa chini kabisa ukiwa 1. Jibu likiwa witiri, ubao unapangika. Likiwa shufwa, umepewa takataka. Jaribu na ubao ulio sawa kila mahali isipokuwa 14 na 15 zimebadilishana: jumla 1, pengo mstari wa 1, jibu 2. Hautoki. Huo ndio ubao ambao Sam Loyd, mtunzi wa mafumbo wa Marekani, aliuwekea zawadi ya dola 1,000, zawadi ambayo hakuna mtu angeweza kuichukua. Wanahisabati Johnson na Story walikuwa wamekwisha kuchapisha uthibitisho wake mwaka 1879, katika American Journal of Mathematics. Mtengenezaji wa programu wa leo ana udhuru gani?

Vigae 15 na pengo vinaweza kukaa kwa namna 20,922,789,888,000, na nusu kamili ya hizo hazifikiki. Programu ikichanganya namba kiholela bila kukagua, kila mara unapobonyeza "mchezo mpya" ni kama kurusha sarafu. Dawa ni mistari michache ya msimbo wa programu: ukishachanganya, piga hesabu niliyoeleza, na ubao ukiwa umekufa, badilisha vigae viwili vyovyote, usiguse pengo. Umefufuka. Au anza na ubao uliopangika, usukume mara mia kadhaa bila mpango, huku ukikataza hatua inayorudisha ile iliyotangulia. Wakisema eti mchezo ni mgumu kwa makusudi, wajue kwamba ubao wowote halali wa vigae 15 una njia isiyozidi hatua 80, kigae kimoja kimoja. Wa vigae 8 hauzidi 31.

Ushahidi mnaweza kuupata hata bila hesabu. Ubao wa vigae 15 unaokataa kuisha pengo likiwa chini kulia, unapangika vizuri kabisa pengo likiwa juu kushoto, 1 ikifuata hadi 15. Ukiweza kuupanga hivyo, mchezo umekudanganya. Piga picha ya skrini. (Kwa vigae 8 kipimo hiki hakifanyi kazi, tumieni hesabu.)

Lakini tuwe wa haki, msichanganye ubao uliokufa na kukwama mwishoni mwa mstari. 1 na 2 zikishakaa, wengi huweka 3 mahali pake kisha wanahangaika na 4 hadi wanakata tamaa. Weka 4 kwenye nafasi ya 3, 3 iwe chini yake moja kwa moja, pengo liwe kwenye kona ya juu kulia. Sukuma 4 kulia, pandisha 3. Basi.

Ngazi za picha, ambazo vigae vina vipande vya picha badala ya namba, ndizo zinazoniudhi zaidi. Ile ya jengo la KICC ina anga tupu juu, vigae viwili vya buluu ambavyo jicho halivitofautishi. Programu inavitofautisha, kwa sababu inalinganisha namba zilizofichwa. Ukiviweka kimoja mahali pa kingine, utafika chini ukute vigae viwili vya mwisho vimebadilishana na hakuna njia. Rudi juu, badilisha vile vya anga, na vya chini vitakaa. Hakuna mchezaji anayepaswa kukisia haya: waandike namba ndogo pembeni mwa kigae, au wakubali picha ikishalingana.

Matangazo nayo: bango limebandikwa chini kabisa ya mstari wa mwisho, ukigusa 13 unajikuta kwenye duka la programu, na saa ya mchezo inaendelea kuhesabu. Ukizima data, mchezo haufunguki. Na mchezo wa kupanga namba unataka majina yaliyo kwenye simu yangu kwa nini? Ingieni Mipangilio, Programu, kisha Ruhusa, mzime zote. Mliolipia vidokezo Google Play, ombeni mrudishiwe pesa ndani ya saa 48 tangu kulipa, mkiambatanisha hesabu ya ubao.

Wekeni hapa ubao wenu kabla ya kusukuma chochote: namba kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, 0 mahali pa pengo, pamoja na toleo la programu. Nitakagua kila mmoja, na uliokufa nitauandikia sababu yake.