Mrejesho: mashine ya kufyekea, shamba la ekari 3 Mkuranga

Wakuu, mwezi wa tatu niliuliza nichukue mashine ya nyasi ya matairi au ile ya kuvaa begani, kwa shamba la minazi na mikorosho lililojaa visiki. Wengi mlisema ya begani. Asanteni, ya matairi isingemaliza hata siku mbili.

Nilinunua ya tustroki, yaani ya injini inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Sasa aibu yangu: wiki ya pili kijana wa kazi alijaza petroli tupu, akidhani ni kama bodaboda. Ikapiga kazi kidogo, ikapoteza nguvu, ikazima. Fundi kuifungua, pistoni na silinda vimekwaruzika. Hela ikanitoka tena! Lakini kosa ni langu, sikumwelekeza. Kitabu cha mashine yangu kinataka 1:25, yaani lita 1 ya petroli kwa mililita 40 za oili ya tustroki. Siku hizi nachanganya mwenyewe kwenye dumu lenye alama nyekundu, kipimo ni bomba la sindano la duka la dawa.

Kisu cha chuma nakitumia kwenye vichaka tu, maana kikigusa kisiki mashine inaruka pembeni kwa nguvu. Nyasi laini natumia uzi wa nailoni. Ila uzi nao uliwahi kuchuna gome la miche miwili ya mikorosho, mmoja umekauka. Kuzunguka miche nimerudi kwenye panga.

Na aliyenisisitizia miwani: kokoto imeshaipiga mara mbili.