Fred Rogers: ule upole wake kwenye TV uliundwa vipi?

Fundi_wa_Picha:

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila ukitokea msiba mkubwa, klipu za Fred Rogers huanza kusambaa upya. Ni yule mtangazaji wa Pittsburgh, Marekani, aliyeendesha kipindi cha watoto cha Mister Rogers' Neighborhood kuanzia 1968 hadi 2001. Anakumbukwa kwa upole, na anastahili. Ila upole peke yake haushikilii watoto nusu saa mbele ya runinga kwa miaka zaidi ya 30. Naomba wanaoifahamu kazi yake kwa undani watueleze ilivyojengwa: mpangilio, maneno, vikaragosi, na namna alivyogusa mambo mazito. Kingine, kwa nini wengi wanaomuiga huishia kuwa wapole wa kusinzisha? Sifa tunazijua, tupeni kazi yenyewe.

Mzee_wa_Studio:

Mkuu, anzia mlangoni, maana pale ndipo wengi wanapoiga bila kuelewa.

Kabla hujamwona yeye, kamera inapita juu ya mfano mdogo wa mtaa, nyumba na magari ya kuchezea, hadi inafika kwenye nyumba yake. Ndani kuna taa ya barabarani inayowaka na kuzima rangi ya njano: punguza mwendo. Anaingia akiimba, anavua koti, analitundika kabatini, anatoa sweta, anapandisha zipu. Kisha anakaa, anavua viatu vya ngozi na kuvaa raba, huku akirusha kiatu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wimbo na mikono vinamaliza pamoja. Mwishoni mwa kipindi anarudia yote kinyumenyume: raba zinavuliwa, sweta inarudi kabatini, koti linavaliwa, anaaga.

Mtoto mdogo hajui saa, lakini anajua mpangilio. Sweta ikivaliwa anajua mtu huyu amekuja kukaa naye, na ikivuliwa anajua anaondoka na anajua pia kwamba atarudi. Ukiondoa ile sehemu ya kuvua, umevunja nusu ya ahadi. Waigaji wengi wanachukua sweta na kuacha kuaga.

Raba zenyewe zilianza kwa sababu ya kazi. Kwenye kipindi cha kabla ya hiki, The Children's Corner, kilichoanza 1954 kwenye kituo cha WQED, Rogers alikuwa nyuma ya mandhari akikimbia kutoka karagosi hadi kinanda, na viatu vya ngozi vilisikika hewani. Raba hazikulia. Sweta nazo alifumiwa na mama yake, na moja nyekundu ipo kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian tangu 1984.

Halafu kuna piano. Johnny Costa, mpiga jazi hodari kweli kweli, alikuwa akipiga papo hapo studioni wakati wa kurekodi. Rogers akichelewa kufunga kamba ya kiatu, Costa alimsubiri kwa vidole. Ndiyo maana ukimya wa kipindi kile haukuwa mtupu. Mtu akiweka muziki wa kompyuta uliokatwa tayari, lazima mwendeshaji ndiye aufukuze muziki, na haraka hiyo inaonekana usoni.

Dada_Chekechea:

Mimi nitazungumzia maneno, kwa kuwa hapo ndipo penye jasho.

Rogers alisomea muziki chuoni Rollins, akahitimu 1951, na mwaka 1963 akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Lakini aliyemnoa kwa habari ya watoto ni Margaret McFarland, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Walikutana mara kwa mara kwa miaka mingi, karibu kila wiki, hadi McFarland alipofariki 1988. Miswada na nyimbo vilipitia kwenye mazungumzo hayo.

Mwaka 1977 waandishi wawili waliofanya naye kazi, Arthur Greenwald na Barry Head, waliandika hatua tisa za jinsi bosi wao alivyobadilisha sentensi. Waliandika kwa utani, lakini hatua zenyewe ni za kweli. Chukua wazo hili: ni hatari kucheza barabarani.

Kwanza liseme wazi, kama hivyo. Pili, ligeuze liwe la kujenga: ni vizuri kucheza mahali salama. Tatu, mtoto hawezi bado kupambanua palipo salama, kwa hiyo mwelekeze kwa anaowaamini: waulize wazazi wako ni wapi salama kucheza. Nne, ondoa kinachosikika kama amri: wazazi wako watakuambia ni wapi salama. Tano, ondoa uhakika usio na dhamana, maana huenda wasimwambie: wazazi wako *wanaweza* kukuambia. Sita, si kila mtoto ana wazazi, basi: watu wazima unaowapenda wanaweza kukuambia. Saba, ongeza sababu nyepesi: ni vizuri kuwasikiliza. Nane, "vizuri" ni kuhukumu, na mtoto aliyeshindwa jana atajiona mbaya, kwa hiyo: ni muhimu kujaribu kuwasikiliza. Tisa, funga na ukuaji wake: kusikiliza ni sehemu muhimu ya kukua.

Wanaoiga huishia hatua ya pili. Wanabadilisha "usi-" kuwa "tu-" na kudhani wamemaliza. Kwangu mimi uzito wote uko kwenye ya tano na ya sita, kwa sababu hapo ndipo unapomkumbuka mtoto mmoja ambaye sentensi yako ingemwacha nje. Rogers alikuwa akizungumza na huyo mmoja. Hakuwahi kusalimia umati.

Mfano mdogo: alikuwa akilisha samaki karibu kila kipindi. Ikaja barua kutoka familia ya msichana asiyeona, ambaye alihangaika kujua kama samaki wamekula, maana hawaoni wakila. Tangu hapo Rogers akawa anatamka kwa sauti kwamba anawalisha samaki. Ni sekunde mbili tu, na watazamaji wengine hawakupungukiwa na kitu.

Karagosi_Mkuu:

Nyongeza kuhusu ulimwengu wa kubuni, kwani watu huuchukulia kuwa mapambo.

Rogers hakuwahi kutokea yeye mwenyewe ndani ya Neighborhood of Make-Believe, ule mtaa wa kubuni wa vikaragosi. Tramu ndogo nyekundu inatoka ukutani, anazungumza nayo, inaingia kwenye handaki, na upande wa pili tunakuta vikaragosi. Yeye anabaki nyumbani. Hadithi ikiisha tramu inarudi, na anaizungumzia na mtoto kama jambo tuliloliwaza pamoja. Mpaka huo uliwekwa makusudi: mtoto wa miaka mitatu au minne bado anachanganya kilichobuniwa na kilichopo, kwa hiyo anahitaji mlango unaoonekana wa kuingia na wa kutokea.

Vikaragosi vingi, sauti na mkono ni vyake mwenyewe: Mfalme Friday XIII mwenye kiburi, Daniel Striped Tiger mwenye haya, X the Owl, Henrietta Pussycat, Lady Elaine mkorofi. Daniel ndiye wa zamani zaidi. Alipewa na Dorothy Daniel, meneja wa WQED, mkesha wa kuanza kwa The Children's Corner, na jina la chui milia huyo limetoka kwake.

Angalia mgawanyo: kila karagosi ana hisia anayoibeba. Hasira, wivu na ubishi vinapelekwa huko, vinaonyeshwa wazi, na hakuna anayefukuzwa kwa kuwa navyo. Anayetengeneza vikaragosi vyote viwe na adabu amewanyima watoto wake pa kujiona.

Fundi_wa_Picha:

Nimeshiba, asanteni sana. Swali la mwisho ni yale mambo mazito. Nimesoma aliwahi kuzungumzia mauaji, talaka, hata bomu. Alifanyaje bila kuwatisha?

Mzee_wa_Studio:

Alianza na kitu kinachoshikika. Robert Kennedy, seneta wa Marekani aliyepigwa risasi, alifariki tarehe 6 Juni 1968, na kesho yake kikarushwa kipindi maalumu. Daniel anamwomba Lady Aberlin, mhusika ambaye ni mtu na si karagosi, apulize puto, kisha aachie hewa itoke. Anauliza ile hewa iliyokuwa ndani imekwenda wapi. Baada ya hapo ndipo anauliza maana ya kuuawa kwa namna ile, neno alilokuwa akilisikia kila mahali siku hizo. Hakuna picha ya tukio, hakuna king'ora. Na mwishoni Rogers anawageukia wazazi, anawaomba wawalinde watoto na picha zile zinazorudiwarudiwa.

Mwaka 1970 alikuta samaki amekufa kwenye tangi. Akamtenga kwenye maji ya chumvi kuona kama atazinduka, hakuzinduka, akamfunga kwenye karatasi na kumzika uani. Akasimulia mbwa wake wa utotoni, Mitzi, na kwamba alilia. Hatua kwa hatua, bila kukimbilia kununua samaki mwingine. Hilo la kununua mwingine ndilo kosa la kawaida: linamfundisha mtoto kwamba huzuni ni kitu cha kufunikwa haraka.

Aliporudi kurekodi 1979 baada ya mapumziko ya miaka kadhaa, alianza kupanga wiki nzima kwa mada moja, vipindi vitano. Talaka ilikuja 1981. Novemba 1983 ilikuwa zamu ya migogoro: Mfalme Friday anadhani jirani wanatengeneza mabomu, naye anaagiza vipuri vingi, kumbe jirani wanajenga daraja. Wiki nzima inatoa nafasi ya hofu kupanda Jumatatu na kushuka kufikia Ijumaa. Ukiibana kwenye dakika 28, unaacha hofu juu.

Nyingine nzuri ya kutazama ni ile ya Hulk, jitu la kijani la tamthilia ya runinga. Watoto walikuwa wakijaribu kuruka kama mashujaa wa runinga na kuumia. Rogers akaenda kwenye eneo la upigaji picha na kumwonyesha Lou Ferrigno, mwigizaji wa jitu hilo, akipakwa rangi ya kijani mwilini kidogo kidogo. Mtoto aliona jitu likitengenezwa mbele ya macho yake, na jitu likawa mtu.

Dada_Chekechea:

Msisahau Mei 1969. Tarehe 1 alikaa mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na John Pastore, wakati serikali ya Nixon ikitaka kukata fedha za televisheni ya umma. Alizungumza dakika kama sita, bila kusoma karatasi aliyoiandaa, akatamka maneno ya wimbo wake kuhusu hasira. Pastore akasema amejipatia zile dola milioni 20 zilizokuwa zikigombewa. Tarehe 9 kikarushwa kile kipindi cha beseni: Rogers anaburudisha miguu kwenye maji, anamkaribisha Officer Clemmons, polisi mweusi aliyeigizwa na François Clemmons, naye anatia miguu yake kwenye maji yale yale, kisha wanatumia taulo moja. Miaka mitano tu nyuma, huko St. Augustine, Florida, meneja wa hoteli alikuwa amemwaga asidi kwenye bwawa la kuogelea walimoingia weusi na wenzao weupe. Rogers hakutoa hotuba. Kamera ilikaa kwenye miguu.

Karagosi_Mkuu:

Na ile habari kwamba alikuwa mdunguzi wa jeshi na sweta zilificha chale, iacheni kabisa. Hakuwahi kutumikia jeshi lolote.

Fundi, kuhusu kusinzisha: utulivu wake ulikuwa na kazi ndani yake. Kuna kipindi alichukua kipima dakika, akakitega, akakaa kimya dakika nzima ili watoto waone urefu wake. Huko ni kufundisha muda. Mwendeshaji anayezungumza polepole huku hana cha kuonyesha lazima asinzishe.

Ukitaka kujifunza, tazama kwa mpangilio huu: kwanza kile cha samaki, halafu kile cha 1981 cha kiwanda cha krayoni, zile rangi za nta za kuchorea, zima sauti na uhesabu muda wa kila picha. Kisha washa sauti usikilize piano peke yake. Vifaa vya studio, vikiwemo vingi vya nyumba yake, vipo Heinz History Center, Pittsburgh, na nyaraka zake zimehifadhiwa Latrobe, mji aliozaliwa, kwenye chuo cha Saint Vincent.