Makasha ya chama cha kuhifadhi majengo ya kale: nipange kwa jengo au niache yalivyo?

Rafu_ya_Tatu
Wakuu, habari zenu. Kuna nyaraka za chama cha kuhifadhi majengo ya kale ambacho kimeshafungwa. Makasha 38: kumbukumbu za vikao, barua, hesabu, picha kama 2,000, michoro ya majengo iliyoviringishwa (mingine ya buluu yenye mistari myeupe), na bati moja la negativu linalonuka siki. Kila anayekuja anauliza habari za jengo fulani, kwa hiyo nimeanza kutoa karatasi kwenye mafaili na kuzipanga upya kwa mtaa na namba ya nyumba. Makasha 3 yamekwisha. Mwenzangu anasema ninaharibu. Ni kweli? Na hilo bati nilifanyeje?

Chimbuko
Ni kweli, mkuu. Simama hapo ulipofika.

Kanuni ya kuheshimu chimbuko iliwekwa rasmi Ufaransa mwaka 1841 na mpaka leo kazi hii inaisimamia: nyaraka za mwenyewe mmoja hazichanganywi na za mwingine, na mpangilio aliouacha hauvunjwi. Sababu yake utaiona kwenye picha moja tu. Tuseme ni picha ya ukuta wenye ufa, na nyuma pameandikwa kwa penseli "kabla", basi. Ikiwa imelala kati ya barua ya fundi ya mwezi Machi na risiti ya chokaa ya mwezi Mei, unajua ilipigwa lini, kwa ajili ya kazi gani, na ufa ulizibwa kwa kitu gani. Ukiihamishia kwenye bahasha ya mtaa, inabaki picha ya ukuta. Msanifu anayetaka kujua kama kiraka kile ni chokaa au saruji umeshamnyang'anya ushahidi, na kosa la hapo si dogo: saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia maji ndani, ukuta ukabomoka taratibu.

Anayetafuta jengo mhudumie kwa faharasa, karatasi zikae zilipo. Fungua jedwali kwenye kompyuta lenye safu hizi: namba ya jengo, majina yote ambayo jengo limewahi kuitwa, anwani ya zamani, anwani ya sasa, aina ya waraka, tarehe, na rejea (kasha, faili, kipande). Barua ikitaja majengo matano inapata mistari mitano, jambo ambalo barua yenyewe haiwezi, kwa sababu inakaa mahali pamoja tu. Namba ya jengo itunge wewe, mfano J-0147, na isibadilike kamwe. Usitumie anwani kuwa kitambulisho. Mitaa hubadilishwa majina, nyumba hupewa namba mpya, kiwanja kimoja hugawanywa viwili, na miaka kadhaa baadaye unajikuta umeunganisha historia za nyumba mbili zisizohusiana.

Maelezo anzia juu. Kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka, ISAD(G), kina vipengele 26, lakini sita ndivyo vya lazima: rejea, jina, aliyezizalisha nyaraka, tarehe, kiasi na ngazi ya maelezo. Andika hivyo sita kwa mkusanyiko mzima, kisha kwa kila kundi (vikao, barua, picha, michoro), ndipo ushuke kwenye faili. Wanaoanza na picha mojamoja huchoka kasha la nne, na yaliyobaki hayapati hata mstari mmoja.

Asetati
Hilo bati ni la leo, mengine yasubiri.

Harufu ya siki ni filamu ya asetati (aina ya plastiki) inayooza. Inatoa asidi, na asidi hiyohiyo huharakisha uozo na kuambukiza filamu za jirani. Bati lililofungwa linazidisha mambo kwa kuwa mvuke hauna pa kutokea. Vaa glavu za nitrili, lifungue mahali penye hewa ya kutosha, na kila negativu iingie kwenye bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi, kisha kwenye boksi la karatasi ngumu, mbali na picha nyingine. Zilizojikunja, au ambazo tabaka la juu limeinuka kama mifereji, usizilazimishe kunyooka. Hizo ndizo za kuskani kwanza. Uozo haurudi nyuma. Baridi huupunguza mwendo tu.

Lakini kagua kingo kabla hujazigusa sana. Zikiwa na neno "SAFETY" una nafuu. Zisipokuwa nalo, na ni za kabla ya miaka ya mwanzo ya 1950, zichukulie kuwa za naitreti (plastiki ya zamani inayoshika moto upesi) hadi ithibitike vingine. Naitreti huendelea kuwaka hata ukiinyima hewa, na ikishaoza (manjano, inanata, au imekuwa unga wa kahawia) huhitaji joto dogo tu. Usijaribu kipande kwa kiberiti, nawasihi. Zitenge, na uliza kikosi cha zimamoto namna ya kuzihifadhi au kuziteketeza.

Michoro ya buluu ni njia aliyoibuni John Herschel mwaka 1842, na maadui zake ni mwanga na alkali. Hapa wengi huteleza: karatasi nyingi zinazouzwa kwa kuhifadhia zimetiwa kalsiamu kabonati ili kupambana na asidi. Kwa barua ni nzuri, lakini rangi hii ya buluu inafifishwa nayo. Tafuta isiyo na asidi wala alkali. Ukikuta mistari ya buluu, zambarau au kahawia kwenye karatasi nyeupe, hiyo ni diazo, aina nyingine ya nakala ya mchoro. Itenge, maana hutia madoa inavyogusana navyo. Mchoro mkavu usiukunjue kwa nguvu, utavunjika kama jani.

Rafu_ya_Tatu
Asanteni sana. Bati nalishughulikia. Sasa yale makasha 3 niliyokwisha kuyavuruga je? Hakuna orodha iliyokuwepo.

Chimbuko
Karatasi zenyewe hukumbuka, mkuu. Angalia pembe ya juu kushoto: alama ya kutu ya klipu kwenye barua na alama ya umbo lilelile nyuma ya picha zinakuambia vilikaa pamoja. Linganisha matundu ya pini, mikunjo, namba za faili zilizoandikwa kwa mkono, ukingo uliopauka kwa mwanga. Kumbukumbu za vikao nazo husaidia, kwa sababu hutaja "picha iliyoambatanishwa". Unachothibitisha, kirudishe. Usichothibitisha usikikisie: kiache kilipo na uandike kwenye mwongozo wa mkusanyiko kwamba mpangilio wa makasha hayo ulibadilishwa, lini na kwa namna gani. Hiyo nayo ni sehemu ya historia yake.

Na klipu usizing'oe kabla hujaandika rejea kwa penseli ya 2B kwenye kila karatasi iliyoshikwa pamoja.

Nukta_600
Naongezea ya kuskani, kwa ufupi. Barua nukta 400 kwa inchi, picha 600, negativu ndogo za milimita 35 angalau 3,000, zote kwa faili za TIFF (aina ya faili ya picha) bila kubana. Skani na upande wa nyuma hata ukiona mtupu. Muhuri wa studio uliofifia mara nyingi huonekana kwenye skrini tu. Jina la faili liwe rejea yenyewe, bila nafasi wala maelezo marefu. Weka nakala tatu, moja nje ya jengo, na tengeneza orodha ya SHA-256 (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe) siku ileile ili baadaye ujue faili iliyoharibika. Diski ambayo haijakaguliwa usiihesabu kuwa nakala.

Chumbani weka kipima unyevu. Ukipita asilimia 65 kuvu huamka, na feni inayozungusha hewa ina faida kuliko madirisha wazi wakati wa mvua. Makasha yakae sentimita 15 juu ya sakafu.

Halafu hati ya makabidhiano, ipo? Kumiliki picha si kumiliki hakimiliki ya mpiga picha. Kabla ya kuweka chochote mtandaoni, pata sahihi ya aliyekabidhi inayosema nini kinaruhusiwa, na tenga barua zenye habari binafsi za watu walio hai.